Unasafiri na vifaa vya kuzamia? Panga kwanza saa za kurudi

KATI ya mizigo inayopita kwenye mizani ya viwanja vya ndege vya Unguja, Pemba na Mafia, siku hizi utauona mkoba mmoja mrefu, mzito kuliko umbo lake, unaotoa mlio wa vyuma ukiguswa. Ndani mna miwani ya kuzamia, mapezi ya miguuni, mikanda, mipira mirefu ya hewa na tochi. Zamani mwenye mkoba huo alikuwa mgeni kutoka Ulaya. Sasa anaweza kuwa kijana wa Dar es Salaam au Nairobi aliyejifunza kuzamia, binti anayefanya kazi Muscat aliyekuja likizo, au mwanao mwenyewe aliyeajiriwa kwenye kituo cha kuzamia kule Nungwi.

Wiki hii nazungumza na mwenye mkoba huo, na pia mzazi anayemlipia nauli. Watu wengi huuliza kuhusu mizigo: nibebe nini, niache nini, nitatozwa shilingi ngapi kwa kilo za ziada. Hayo nitayafikia. Ila naomba tuanze na safari ya kurudi, maana mtu anaweza kuzamia siku nne bila hata kukwaruzwa na tumbawe, kisha akaumizwa na tiketi ya ndege aliyoinunua yeye mwenyewe.

Mitungi ubavuni

Mzamiaji tuliyemzoea kwenye picha hubeba mtungi mmoja wa hewa mgongoni. Kuna mtindo mwingine unaozidi kupendwa, unaoitwa saidimaunti, ambapo mgongoni hapabebwi mtungi. Mitungi miwili hufungwa ubavuni, mmoja kulia na mmoja kushoto, kuanzia kwapani kuelekea kiunoni. Kila mtungi una kifaa chake cha kupumulia na mita yake ya kuonyesha hewa iliyobaki. Mtindo huu ulianza kwa wazamiaji wa mapangoni nchini Uingereza, waliotaka kupenya mahali ambapo mtu mwenye mtungi mgongoni angekwama. Baadaye ulikua Florida na kwenye mapango ya maji ya Mexico, na sasa unatumika hata kwenye bahari ya wazi isiyo na pango lolote.

Wanaoupenda wana sababu. Mmoja atakwambia mgongo wake unauma, na kwa mtindo huu anaingia majini akiwa mwepesi, kisha anapewa mitungi mmoja mmoja akiwa tayari anaelea. Mwingine hupenda kwamba kifaa kimoja kikiharibika, cha pili kiko palepale kifuani anakiona. Zote ni sababu nzuri, nami sina ugomvi nazo.

Jambo linalonigusa mimi kama daktari ni hili: mitungi miwili ni hewa mara mbili. Mtungi wa kawaida wa alumini wa lita 11, ukijazwa sawasawa, una hewa ya kama lita 2,200. Mwenye mtungi mmoja mara nyingi hurudishwa juu na mita yake, hewa inapungua naye anapanda. Mwenye miwili anaweza kukaa chini muda mrefu zaidi, na asipojidhibiti atashuka kina kirefu zaidi. Muda na kina ndivyo vinavyoamua ni kiasi gani cha naitrojeni kitaingia mwilini mwake.

Yanayotokea ndani ya damu

Hewa tunayovuta ina naitrojeni karibu asilimia 78. Tukiwa nchi kavu gesi hii haitusumbui, inaingia na kutoka. Lakini maji ni mazito. Ukishuka mita 10 tu, mgandamizo juu ya mwili wako unakuwa mara mbili ya ule wa ufukweni, na ukifika mita 30 ni mara nne. Hewa unayovuta kutoka kwenye mtungi nayo huja kwa mgandamizo huohuo, na naitrojeni husukumwa ndani ya damu, misuli, mafuta na neva.

Chukua chupa ya soda. Ikiwa imefungwa huoni kitu. Ukifungua taratibu, gesi inatoka kidogo kidogo. Ukiitikisa na kuifungua ghafla, mapovu yanakurukia usoni. Mzamiaji anayepanda taratibu na kupumzika dakika chache karibu na mita 5 anafungua chupa taratibu. Anayepanda kwa haraka anaitikisa. Viputo vikijitengeneza kwenye maungio huleta maumivu. Vikijitengeneza kwenye uti wa mgongo, huweza kuacha miguu haina nguvu na kibofu kisichotoa mkojo. Huu ndio ugonjwa wa wazamiaji, na mwanasayansi wa Uingereza John Scott Haldane na wenzake ndio waliochapisha mwaka 1908 majedwali ya kwanza ya kuuepuka, baada ya kuwafanyia majaribio mbuzi. Ukiona kompyuta ya kuzamia mkononi mwa mtu, ujue ndani yake bado kuna deni kwa mbuzi wale.

Watu wengi husahau kwamba chupa haimaliziki kufunguka pale unapopanda mashuani. Naitrojeni iliyobaki huendelea kutoka kwa saa nyingi, wewe ukiwa umeshaoga na unakula wali wako wa nazi. Ukipanda ndege katika muda huo, unaifungua chupa mara ya pili. Hewa ndani ya ndege kubwa hailingani na ya ufukweni. Huwekwa kiasi kinachofanana na kilele cha mlima, hadi mita 2,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Mgandamizo unapungua, na viputo vilivyokuwa vidogo visivyo na madhara vinaweza kukua.

Hesabu ya saa

Mwongozo unaotumiwa na wataalamu wa tiba ya uzamiaji unasema hivi. Kama umezamia mara moja tu, bila kulazimika kusimama njiani kutoa gesi, subiri angalau saa 12 kabla ya kupanda ndege. Kama umezamia mara kadhaa kwa siku, au siku kadhaa mfululizo, subiri angalau saa 18. Kama mzamio wako ulikulazimisha kusimama njiani kwa ajili ya kutoa naitrojeni, basi uende mbali zaidi ya saa 18. Mimi huwaambia wagonjwa wangu neno moja la kukumbuka: siku nzima, saa 24, hasa kwa mwenye mitungi miwili. Najua mwongozo unaruhusu pungufu ya hapo kwa wengine. Lakini sijawahi kuona mtu aliyeumia kwa sababu alikaa ufukweni asubuhi moja zaidi.

Tuifanye hesabu kwa saa zetu. Umezamia Alhamisi, Ijumaa na Jumamosi. Mzamio wa mwisho umetoka majini Jumamosi saa 8 mchana. Ndege yako ya kurudi ni Jumapili saa 1 asubuhi. Inaonekana ni kesho yake, umelala usiku mzima, umepumzika. Hesabu vizuri: ni saa 17. Hujafika hata kile kiwango cha chini. Kwa saa 18 ungeondoka kuanzia saa 2 asubuhi, na kwa saa 24 ungeondoka baada ya saa 8 mchana. Tofauti ya kukata tiketi ya asubuhi na ya alasiri inaweza kuwa ndogo mfukoni, ila kwa uti wa mgongo si ndogo.

Kwa hiyo tiketi ya kurudi inunuliwe kwanza, kisha hesabu kurudi nyuma, ndipo umwambie mwenye kituo siku yako ya mwisho ya kuzamia. Siku ya mwisho kabisa iwe ya kutembea Mji Mkongwe, kununua viungo, kuosha na kukausha vifaa. Vifaa vyenyewe vinahitaji siku hiyo. Mkoba wenye suti iliyolowa unaongeza kilo kwenye mizani na unaota ukungu kabla hujafika nyumbani.

Ndege ndogo za kati ya visiwa na bara zina ujanja wake. Husemwa kuwa zinaruka chini, hivyo hazina neno. Zinaruka chini, ni kweli, lakini nyingi hazina mfumo wa kuongeza mgandamizo ndani, na rubani akikutana na wingu hatakuuliza ulizamia saa ngapi. Tumia saa zilezile. Ukiwa na haraka kweli kutoka Unguja, boti ya Dar es Salaam inakwenda kwenye usawa uleule wa bahari na haina sharti hili. Kutoka Mafia kuna kivuko cha Kilindoni hadi Nyamisati.

Mlima haujali umepandaje

Hapa nina ujumbe kwa wazazi wa vijana wanaofanya kazi kwenye vituo vya kuzamia, ambao hawapandi ndege kabisa. Mwili haujui ndege. Unajua mgandamizo tu. Basi linaloupandisha mwili huo hadi mita 1,400 limefanya kazi ileile.

Mwongozo ule wa saa 12 na 18 unahusu kupanda kuanzia mita 600 hivi hadi 2,400. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, hivyo aliyezamia Diani au Watamu asubuhi na kupanda treni ya Mombasa mchana amefanya alichofanya aliyepanda ndege. Arusha iko karibu mita 1,400, na Lushoto hivyohivyo. Kijana wa Lushoto anayeongoza wageni chini ya maji mara mbili au tatu kwa siku, akapewa ruhusa ya Idi jioni, akavuka na boti kisha akapanda basi la usiku ili aswali Idi na wazee wake, yuko hatarini kuliko mgeni aliyemwongoza, kwa kuwa yeye amezamia wiki nzima. Mwambie aombe ruhusa ya siku moja kabla. Nawe mwajiri unayesoma hapa, mpe.

Na wapo wanaopanga bahari na Mlima Kilimanjaro katika likizo moja. Geuza mpangilio: mlima kwanza, bahari baadaye. Ukianza na bahari, jipe siku kamili kabla ya kuruka kwenda Kilimanjaro, na kilele cha mita 5,895 kitakusubiri. Ukianza na mlima, utakuja kunyoosha miguu majini na hesabu yako itakuwa ya ndege ya mwisho tu.

Sasa mkoba

Mitungi yenyewe usiibebe. Mtungi mmoja wa alumini ukiwa mtupu una kilo 14 hivi, na mashirika mengi huruhusu kilo 23 tu kwa begi. Hata shirika linalokubali mtungi huutaka uwe mtupu, valvu imefunguliwa na kutolewa, ili mkaguzi aone ndani. Kodi huko huko. Vivyo hivyo vipande vya risasi vya kukuzamisha: hakuna sababu ya kulipia kilo za risasi angani.

Kabla ya kukodi, andika ujumbe au piga simu kituoni ukaulize mambo ambayo mwenye mtungi wa mgongoni haulizi. Wana mitungi miwili ya ukubwa mmoja? Valvu za kulia na kushoto zipo, au zote zinaelekea upande mmoja? Vifaa vyako vya kupumulia hufungwa kwa skurubu au kwa kibano, na mitungi yao ni ya aina gani? Chukua kiunganishi chako, ni kidogo kama kiganja. Chukua na mipira ya ziada ya kuvuta mitungi ubavuni, kwa sababu joto na chumvi huila, na mpira ukikatika mtungi unaning'inia kama ndizi mbivu.

Utaniuliza daktari anaingiaje kwenye valvu. Anaingia hivi: majeraha mengi ya kuzamia huanza na jambo dogo. Mtungi haukai sawa, mpira wa hewa umepita mahali usipozoea, mkono unatafuta kifaa na hukioni. Moyo unakwenda mbio, pumzi inakuwa fupi, mtu anapanda juu kwa kasi. Ndiyo maana mzamio wa kwanza wa safari, hata uwe fundi kiasi gani, uwe wa kina kifupi, mita 5 au 6, mahali pa mchanga, ukijizoeza kubadilisha vifaa vya kupumulia na kusoma mita zote mbili.

Vifaa viwili vya kupumulia na kompyuta yako viweke kwenye begi la mkononi. Hivyo ndivyo vinavyokuweka hai, na mkoba uliopotea njiani hautakusaidia. Kuwa na kifaa chako mwenyewe kuna faida ya afya pia, kwani mdomo wa kifaa cha kukodi umepita kwenye midomo mingi, na vidonda vya mdomoni vya virusi na mafua huambukizwa kwa mate. Ukilazimika kukodi, omba kioshwe kwa dawa ya kuua vijidudu, kisha kwa maji safi.

Betri za lithiamu za akiba, za tochi au za kamera, nazo ni za begi la mkononi kwa kanuni za usafiri wa anga, kila moja ikiwa imefunikwa ncha zake au iko kwenye kikasha chake. Kiwango cha kawaida ni hadi wati-saa 100 kwa betri. Zenye wati-saa 100 hadi 160 zinahitaji ruhusa ya shirika, na za akiba haziruhusiwi kuzidi mbili. Betri nyingi za tochi za mkononi ziko chini sana ya hapo. Tochi ya kuzamia inapata moto mkali ikiwaka nje ya maji, kwa hiyo toa betri kabisa kabla ya kuifunga. Kisu na mkasi wa kukatia nyavu viende kwenye mkoba wa chini ya ndege.

Dawa zako za kila siku ziwe nawe mkononi, zikiwa kwenye vifungashio vyake vyenye jina. Wewe unayekuja pwani kutoka Ulaya au Ghuba, zungumza na daktari kuhusu dawa ya kukinga malaria kabla ya kuondoka, na mweleze wazi kwamba utazamia. Meflokwini inaweza kuleta kizunguzungu, hofu na ndoto mbaya, mambo ambayo hayafai chini ya maji na yanayoweza kuchanganywa na ugonjwa wa wazamiaji. Zipo dawa nyingine. Kuacha kinga kabisa kwa sababu ya kuzamia si jibu, malaria haijaenda likizo.

Mgongo, sikio na kifua

Kwa wenye mgongo mbovu, ubavuni kuna nafuu, lakini nafuu hiyo huanza ukiwa majini. Kabla ya hapo kuna mkoba wa kilo 23 wa kuinua kwenye teksi, gari, mizani na ngazi za boti. Gawa mzigo kwenye mikoba miwili, kunja magoti badala ya kiuno, na usione aibu kumlipa mchukuzi. Mtungi uliojaa una kilo zipatazo 17, na mtu fulani huubeba kutoka kituoni hadi mashuani kwa ajili yako, mara mbili kwa kuwa wewe una miwili. Mara nyingi ni kijana wa miaka 20 asiye na mkanda wala viatu. Nimewaona vijana wa namna hiyo kliniki, na migongo yao haikuchaguliwa mtindo wa kubeba.

Sikio ndilo linaloharibu likizo nyingi kuliko kitu kingine. Ukiwa na mafua, njia ndogo inayounganisha sikio la kati na koo huvimba, na huwezi kusawazisha mgandamizo. Ukilazimisha, ngoma ya sikio inaweza kutoboka. Wako wanaomeza au kupuliza dawa ya kufungua pua ili washuke. Dawa ikiisha nguvu ukiwa chini, hewa iliyonasa inakosa pa kutokea wakati wa kupanda, na maumivu yake huwa makali. Una mafua, usizamie. Umekuja kutoka mbali na umelipa, naelewa, bado usizamie.

Mwenye pumu, kifafa, ugonjwa wa moyo, kisukari, aliyewahi kupasuka pafu au kufanyiwa upasuaji wa sikio, aonane na daktari kabla ya kulipia chochote. Si wote watakaozuiwa. Wapo wenye pumu iliyotulia kabisa wanaoruhusiwa baada ya kupimwa mapafu, na wapo wasiostahili kushuka hata mita 3. Mwenye selimundu, yaani ugonjwa wenyewe, simshauri kuzamia. Aliye na vinasaba vya kubeba tu ni habari tofauti na azungumze na daktari wake. Mjamzito asizamie, kwa kuwa hatujui njia salama ya kumkinga mtoto tumboni na viputo. Aogelee juu juu atazame samaki.

Maji ya kunywa yasisahaulike. Jua, upepo wa baharini na kutapika kwa ajili ya mawimbi hukausha mwili, na mwili mkavu si rafiki wa mzamiaji. Kwa maoni yangu, aliyefunga Ramadhani aache kuzamia mpaka mwezi uishe, samaki hawahami.

Kama ni mtoto wako

Mashirika mengi ya mafunzo huruhusu mtoto kuanza kozi ya kawaida akiwa na miaka 10, kwa kina kifupi na akiwa na mtu mzima. Kwa mtindo wa ubavuni, PADI, ambao ni wakubwa katika mafunzo haya, wanataka awe na miaka 15. Umri ni mwanzo tu wa mazungumzo. Mtoto anayekutii ukimwambia subiri, anayesema ukweli akiumwa, asiyeona aibu kuacha mbele ya wenzake, huyo ana sifa ninayoitafuta kabla ya umri. Ajue pia sheria moja kuliko zote: asizuie pumzi akiwa anapanda. Hewa iliyonaswa kifuani hutanuka, na inaweza kupasua pafu hata katika maji ya bwawa.

Utaletewa fomu ya maswali ya afya. Isome, usisaini tu kwa sababu gari linasubiri. Swali lolote lenye jibu la "ndiyo" halimfukuzi mtoto, linamleta kwa daktari. Ukiandika "hapana" ili mambo yaende, umemnyima mwalimu habari ambayo angeihitaji chini ya maji.

Kisha nenda kwa mwalimu na useme hivi: "Oksijeni ya dharura iko wapi? Naomba nione." Kituo kizuri kitakuonyesha mtungi, barakoa yake na mtu anayejua kuitumia. Uliza na hewa yao ya mitungi inajazwaje. Kompresa ikivuta hewa karibu na moshi wa injini, mtungi unaweza kuingia kaboni monoksidi, ambayo yenyewe haina harufu. Hewa yenye ladha ya mafuta au moshi, mtu asiipumue. Usipopata majibu, rudi hotelini na mtoto wako. Pesa uliyolipa haina uzito wowote hapo.

Dalili, na la kumwambia daktari

Dalili nyingi za ugonjwa wa wazamiaji huanza ndani ya saa chache baada ya kutoka majini, na karibu zote ndani ya saa 24, isipokuwa safari ya ndege au mlima inaweza kuziibua baadaye. Maumivu ya bega, kiwiko au goti yasiyoeleweka. Uchovu usiolingana na kazi. Ngozi kuwasha au kuwa na madoa ya zambarau kama marumaru. Ganzi, miguu kulegea, kushindwa kukojoa, kizunguzungu, ulimi mzito. Mtu aliyefika juu akazimia au kupooza papo hapo huenda ni pafu lililopasuka, na ni dharura hiyohiyo.

Mlaze chali, mpe oksijeni safi kwa barakoa, na kama ana fahamu zake na hatapiki mnyweshe maji. Asirudishwe majini ati viputo vikandamizwe upya. Wavuvi wanaozamia kwa kompresa kutafuta majongoo na kamba wamefanya hivyo miaka mingi, na wako wanaotembelea magongo hadi leo. Vijijini kwetu pwani bado husemwa kwamba kijana amepigwa na jini wa baharini, na saa za mwanzo, ambazo ni za dhahabu, zinaishia kwa mganga. Sitaki kubishana na imani ya mtu. Naomba tu hospitali iwe ya kwanza.

Tiba yenyewe ni oksijeni ndani ya chumba maalumu chenye mgandamizo mkubwa, na vyumba hivyo ni vichache mno katika ukanda wetu. Kwa hiyo kabla hujaondoka nyumbani, uliza kituo chumba cha karibu kiko wapi na kama kinafanya kazi, andika namba ya simu, na soma bima yako ya safari kama inataja ajali za kuzamia. Bima nyingi za kawaida huziacha nje au huzifunga kwa kina fulani. Mgonjwa akihitaji kusafirishwa, asipandishwe ndege ya kawaida. Apelekwe kwa njia ya chini, au kwa ndege inayoweza kuweka mgandamizo wa usawa wa bahari.

Na ukifika zahanati yoyote, hata ya mbali na bahari, hata siku ya pili, sentensi ya kwanza iwe hii: "Daktari, nilizamia." Usipoisema, ganzi yako itaonekana kiharusi, uchovu wako malaria, goti lako baridi yabisi. Taja kina, dakika, idadi ya mizamio na saa uliyotoka majini, kisha saa uliyopanda ndege au basi. Kama una kompyuta ya kuzamia, iende na mgonjwa ikiwa haijafutwa, pamoja na ya mwenzake aliyezamia naye, ambaye naye achunguzwe hata akisema yuko salama.